Kimya Upande wa Pili wa Matete

Lile daraja lilijengwa kwa ajili ya viatu. Watu wa mlimani hawakuwa na shida nalo. Chini kidogo ya korongo palikuwa na mawe, na mtu mwenye miguu yake mwenyewe alivuka hapo, akalowa mpaka magotini, akaendelea na safari. Lakini alikuja Mdachi mmoja, mpima ardhi, hakutaka kuloanisha buti zake, basi kijiji kizima kikatolewa mashambani wiki tatu kulaza gogo juu ya maji na kulifunga kwa kamba za msituni. Mdachi akavuka mara mbili, kwenda na kurudi, asionekane tena. Daraja likabaki. Kazi yake akatwikwa Yunusi: kila masika yakiisha azikague kamba, abadilishe zilizooza, bila ujira, mpaka azeeke. Ndivyo wakubwa walivyo. Wao huvuka mara mbili, wewe unafunga kamba maisha.

Jumanne ile Yunusi alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kisu mkononi, anakata. Kamba kubwa zilizoshika gogo zilikuwa tano. Alikata tatu, kwa upande wa chini ambako aliyesimama juu haoni. Mbili akaziacha. Mbili zilitosha kulishika gogo lenyewe, na labda kuku akipita. Mtu mzima mwenye buti, hapana. Mdomoni mwa daraja akaweka miiba, akawaambia wenzake linatengenezwa, wala hakuna aliyeuliza zaidi, maana wote walipita kwenye mawe. Alhamisi angeiondoa ile miiba. Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa anapanda Akida Salehe kuja kuchukua wapagazi.

Akida huyu alikuwa mtu wa pwani, amewekwa na Boma la Morogoro kutawala upande ule wa milima ya Uluguru. Alikuwa na kanzu safi, mwavuli mweusi, na buti za kizungu alizopewa na bwana mkubwa. Kwenye daraja alitangulia yeye, peke yake, kwa sababu gogo halikubeba wawili, na kwa sababu akida hafuati nyuma ya wapagazi. Yunusi alikuwa amelitazama jambo hilo mara nyingi. Akida, kisha nafasi, kisha wengine. Nafasi ile ndiyo iliyompa wazo.

Mkewe Yunusi aliitwa Mwaisha. Mwaka ule, wa tatu tangu vita vya maji viishe, Wadachi walikuwa wanachimba ulanga mlimani, yale mawe yanayong'aa, yanayochanika karatasi kwa karatasi, ambayo kwao Ulaya waliyatengenezea vioo vya majiko na taa. Ulanga haushuki mlima wenyewe. Unashuka kichwani mwa mtu. Akida alitaka kila nyumba itoe mtu mmoja, na katika nyumba ya Yunusi akatoka Mwaisha, ana homa, na ana mimba ya miezi mitano. Alifika nusu ya njia ya kwenda Morogoro. Akautua mzigo vizuri, kama mtu aliyefika kwake, akajilaza kando yake, asiamke tena. Mzigo ukachukuliwa na mwingine. Mwaisha akazikwa pale pale kando ya njia na wapagazi wenzake, askari amesimama juu yao anawahimiza.

Mmoja wa wapagazi hao, Fransisko, Mkristo wa misheni aliyekuwa akitembea nyuma yake, baadaye alimletea Yunusi kitu alichokikuta kimefungwa pindoni mwa nguo ya marehemu. Karatasi moja ya ulanga, pana kama viganja viwili, safi, haina doa. Kuiba ulanga ni viboko, na Mwaisha hakuwahi kuiba hata muwa. Yunusi aliichomeka kwenye nyasi za paa, hakuitazama tena.

Habari ya kifo hicho aliisimulia kwa yeyote aliyetaka kusikia, na kwa asiyetaka pia. Aliisimulia hivi: akida ndiye aliyeniulia mke, na askari wake, na Boma, na jumbe wetu aliyefunga mdomo kwa sababu anapewa nguo. Na yote yalikuwa kweli. Ila kila alipofika pale askari walipobisha mlangoni, alipita haraka kidogo.

Wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo alitokea mkwe wake, Mwanaheri.

Huyu mama alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yake Mwaisha. Aliibwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa mtoto wa meno ya pili, akauzwa pwani, akavushwa mpaka Pemba, akachuma karafuu za watu mpaka akasahau umri wake. Utumwa ulipofutwa kule visiwani, alipata kibanda na kazi kwenye shamba la wazungu wa dini moja wanaoitwa Marafiki. Mvi zilipomjaa akasema anataka kufia kwao. Akaja Dar es Salaam, akapanda gari moshi, akateremka Morogoro, akaupandisha mlima siku nzima, viatu vyake amevifunga pamoja na kuvining'iniza shingoni visije vikaharibika. Kiluguru kilikuwa kimemtoka chote, isipokuwa jina la mama yake na wimbo mmoja wa kutwangia. Alipouimba mbele ya kaka yake Stambuli, mkubwa wa ukoo, Stambuli alikaa chini ghafla kama aliyekatwa miguu.

Sasa, kwa Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Nyumba aliyokuwa anakaa Yunusi ilikuwa ya Mwaisha, na Mwaisha hayupo. Stambuli akampa dada yake nyumba, akamwambia Yunusi ahamie kibanda cha nyuma mpaka avune mahindi yake, kisha arudi kwa mama zake. Yunusi hakubisha. Alihama na ile karatasi ya ulanga, akaichomeka kwenye paa la kibanda bila kuitazama. Alimwongeza Stambuli tu kwa wale wakubwa wengine aliowalaumu.

Na mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Mwanaheri, kwa kuwa ni mama mdogo wa Mwaisha, alihesabiwa mama hasa. Basi uani pakasimamishwa kiambaza cha matete, mkwe huku, mkwe kule. Palikuwa na kinu kikuukuu, kizito, kilichokataa kuhamishwa, hivyo matete yakaja mpaka kwenye kinu, yakakiacha hapo, yakaendelea upande wa pili. Neno ambalo halikuwa na budi kusemwa, liliambiwa kinu.

Asubuhi ya kwanza Yunusi alikwenda kutoa heshima. Akaketi upande wake, akakohoa.

"Kinu, mwambie mama, shikamoo."

"Kinu, mwambie mkwe wangu, marahaba," ikasema sauti ya upande wa pili, sauti ya kisiwani, nyembamba na kavu. Kisha ikanyamaza.

Mkwe haondoki mpaka mkubwa amruhusu. Yunusi akangoja aambiwe haya, nenda. Hakuambiwa. Ukungu ukainuka bondeni, jua likafika kwenye migomba, kuku wakaparua ua wote wakamaliza. Akadhani mama amelala, akatega sikio, akasikia pumzi za mtu aliye macho. Akadhani anapimwa adabu. Basi akajikaza, asije akaambiwa kwamba Mwaisha aliolewa na mtu asiye na malezi. Mguu mmoja ukafa ganzi. Inzi akatua puani, akamwacha.

Mwishowe sauti ikasema, "Kinu, mwambie mkwe wangu amekaa vizuri sana. Kule Pemba tulikuwa na mzungu mmoja anakoroma kila tukikutana."

Yunusi akakitazama kinu. "Mwambie mama, sikujua kama kuna kitu tulikuwa tunafanya."

"Ndiyo vizuri. Anayejua hukaa vibaya."

Akaeleza, kwa mdomo wa kinu, kwamba wale Marafiki wakitaka kusali hawana padri wala muadhini. Wanaingia chumbani, wanakaa, wanafunga midomo. Wanasema kila mtu ana nuru aliyowekewa na Mungu ndani yake, ila imefunikwa na makorokoro. Ukitulia vya kutosha makorokoro hushuka chini, kama tope mtungini. Ukisukumwa na neno, unalisema. Usiposukumwa, unakwenda zako kulima.

"Kila mtu?" aliuliza Yunusi. "Kinu, muulize, hata akida?"

"Mwambie mwenye shamba alinichapa miaka mingi, na swali hilo hilo ndilo nililoingia nalo. Nilitaka nionyeshwe yeye."

"Akaonyeshwa?"

"Nilionyeshwa mimi. Nilikasirika wiki nzima, nikakataa hata kula."

Yunusi akacheka kwa pua. Dini ya wazungu, hata ikinyamaza, ni ya wazungu. Lakini heshima hutolewa kila asubuhi, na kila asubuhi, mama akishaitikia marahaba, hunyamaza, na mkwe hawezi kuinuka. Basi Yunusi akakaa. Siku ya pili, ya tatu, ya kumi. Ua ukazoea. Kuku wakaja kulala kwenye miguu yake. Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa na kichwa kitupu, alikitumia kimya kile kwa kazi yake: humo ndimo alimopangia habari ya daraja, kamba kwa kamba, mpaka akajua ni ipi ya kukata na ipi ya kuacha. Akainuka siku ile anajisikia mwepesi, akadhani labda ndiyo hiyo nuru.

Jumatano, siku moja kabla ya akida, aliketi kama kawaida.

Siku hiyo hakuwa na la kupanga. Kamba tatu zilikuwa zimekatwa, mbili zipo, miiba ipo. Alilipitia jambo lote mara moja, likaisha. Akalipitia tena, likaisha upesi zaidi. Akamwita akida moyoni ili amchukie kidogo, akaja, buti na mwavuli, akasimama, akaondoka. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwita.

Kazi ya kuchana ulanga Yunusi aliijua, aliifanya machimboni msimu mzima. Unaingiza ncha ya kisu pembeni, unaizungusha polepole, karatasi ya juu inajitenga, na chini yake kuna nyingine, safi kuliko ile. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile, ila kisu hakikuwa mkononi mwake. Akida akabanduka. Chini yake wakawepo askari wawili mlangoni. Askari wakabanduka. Chini yao ikawepo ile siku yenyewe, mvua nyepesi, harufu ya moshi wa kuni mbichi, na Mwaisha amesimama kizingitini amejifunga nguo kifuani, anatetemeka kwa homa.

Askari anauliza, "Mumeo yuko wapi?"

Hapo ndipo Yunusi alipozoea kupita haraka. Akataka apite. Hakukuwa na pa kupita.

Yuko kwenye magimbi. Hatua ishirini kutoka mlangoni, kando ya mfereji, amechutama chini ya yale majani mapana, tope limemfika viwikoni. Alikuwa ameziona kofia za askari zikipanda, akaingia humo. Anamwona mkewe kati ya bua na bua. Na Mwaisha anageuza kichwa, kidogo tu, kama anayefukuza inzi. Anatazama magimbini. Jani moja linacheza, na upepo haupo. Wanatazamana.

"Hayupo," anasema Mwaisha. "Nitakwenda mimi."

Yunusi aliketi na hilo. Hakuna aliyemsukuma alitoe, wala alifiche. Upande wa pili wa matete mama alikuwa anapumua. Akangoja apigwe. Alijua mizimu ya kwao, huja na baridi na madai, huja kutaka mbuzi au pombe. Kilichokuja hakikutaka kitu. Kilikuwa kama mtu ameingia uani na kuketi, na ua ukajaa, ukawa mdogo kuliko ulichokibeba, na migomba na kinu na kuku na ukungu vikatulia vyote kama vinavyotulia viumbe bwana wao wa kweli akifika. Kilimjua. Hicho ndicho kilichomtisha hata nywele za mikono zikasimama. Kilimjua tangu kwenye tope lile, kilikuwa humo magimbini pamoja naye, kilikuwa kizingitini pamoja na Mwaisha, kilimwona anafunga mdomo, na hakikuondoka. Mwaka ule wote alivyokuwa anasimulia watu habari nusu, hakikuondoka.

Mabega yakaanza kumtetemeka. Akajishika, hayakushikika. Mkono uliogusa matete ukayatikisa, kiambaza kizima kikawa kinalia kama kinanyeshewa.

"Nilikuwapo," alisema.

Hakukiambia kinu. Alikisahau. Neno lilitoka likavuka matete moja kwa moja, jambo ambalo mkwe hafanyi.

"Nilikuwapo, mama. Nilikuwa kwenye magimbi. Alijua nipo. Akasema sipo, akaenda yeye."

Ndizi mbivu ikaanguka mahali fulani. Yunusi akaona ni haki sasa atukanwe, afukuzwe kabla ya mahindi.

"Kinu," ikasema sauti, na safari hii haikuwa kavu, "mwambie mkwe wangu kwamba mtoto huyo sikumwona hata siku moja. Nilifika nikakuta amekwisha kuzikwa. Kila mtu ananiambia alikuwa mzuri, alikuwa mchapakazi. Leo ndiyo nimemwona."

Yunusi akafuta uso kwa mkono ambao aliuona bado una tope la siku ile.

"Mwambie mama kuna lingine. Daraja nimelikata. Akida anavuka kesho."

"Hilo asinipe mimi. Mimi siyo kadhi. Wala sivuki huko, viatu vyangu vinapita kwenye mawe vikiwa shingoni." Mwiko ukagonga chungu. "Mwambie uji umeiva. Nitauacha hapa kwenye kinu, auchukue nikishageuka."

Mchana ule Yunusi aliingia msituni, akakata kamba mpya, akazilaza mtoni zilainike, maana kamba kavu haishiki fundo. Hakuna aliyemtuma. Alijiona kama mtu aliyetembea na jiwe ndani ya kiatu, akalitoa, na sasa anashangaa kwamba njia ilikuwa ni njia tu. Siyo kwamba aliacha kumchukia akida. Alimkuta bado yupo pale pale, na ubaya wake wote. Ila sasa alionekana wa saizi yake, mtu mmoja mwenye buti, na nyuma yake hakukuwa tena na mahali pa kujificha.

Alhamisi alifika korongoni alfajiri. Alikuwa amefunga kamba ya kwanza, anaanza ya pili, aliposikia kikohozi ng'ambo. Akida Salehe alikuwa amewahi. Amesimama na mwavuli wake, askari wawili ubavuni, na nyuma yao wapagazi kama kumi waliokusanywa vijiji vya chini, Fransisko akiwa mmoja wao.

"Wewe fundi," akida aliita juu ya kelele za maji. "Daraja la Serikali unalifunga leo, siku ya safari yangu? Jana ulilewa?"

"Shikamoo, Bwana Akida. Usivuke. Halijashika."

"Halijashika kwa nini? Masika yameisha juzi."

Askari mmoja alikuwa ameteremka majini kuosha uso. Akarudi na kipande cha kamba kuukuu kilichokuwa kimenasa kwenye mawe, akampa bwana wake. Akida akakigeuza mkononi. Alikuwa mtu wa pwani, mtoto wa wasuka kamba, na kamba alizijua.

"Iliyooza huchambuka," alisema polepole. "Hii imekatwa kama muwa. Nani kaikata?"

Yunusi aliacha fundo. Majibu yalikuwepo, tena mengi. Angeweza kusema nguruwe mwitu, angeweza kusema watoto, angeweza kusema aliikata mwenyewe jana ili afunge mpya, na uongo huo ungefanana na kweli kuliko kweli yenyewe. Akaketi pale ukingoni, miguu inaning'inia juu ya maji. Akanyamaza. Hakunyamaza kwa kiburi. Alikuwa anatafuta kama kile cha jana kipo hata huku, mbele ya bunduki, na kilikuwepo. Kilikuwa kimejaa korongo lote.

"Nimekuuliza."

"Mimi," alisema Yunusi. "Nilizikata Jumanne, uanguke."

Askari wakainua bunduki. Akida akawazuia kwa mwavuli.

"Kwa lipi?"

"Kwa mke wangu. Mwaisha. Ulimtwika akiwa na homa na mimba, akafia njiani."

"Huyo alikufa kwa homa. Imeandikwa Bomani."

"Alikufa na mzigo wako. Waliomzika hawa hapa nyuma yako." Wapagazi walitazama chini, isipokuwa Fransisko. "Na mimi nilikuwa nimejificha kwenye magimbi, nikamwacha aende. Yote mawili ni kweli, Bwana Akida. Kwa lile la kwanza nilizikata. Kwa la pili nazifunga."

"Unajua Boma hunyonga mtu kwa jambo kama hili."

"Najua."

"Ungesema zimeoza, ningeamini."

"Ungeamini. Lakini nilikwisha nyamaza uongo mara moja, na mtu akafa."

Akida akatazama maji yalivyokuwa yanapiga mawe chini ya gogo, akayatazama kwa muda mrefu, kama anayepima kina. Fransisko alitua mzigo wake bila kuamriwa, akakaa juu yake. Mwingine naye akakaa. Yunusi akainama, akaendelea kufunga. Kamba ya pili, kamba ya tatu, anazivuta kwa meno na mguu, na pande zote mbili za korongo watu wamenyamaza, mwenye bunduki na mwenye mzigo, mpaka hata askari wale wakawa wamesimama kama watu walioingia msikitini kwa bahati mbaya. Yunusi alisema baadaye kwamba hajawahi kufunga kamba zikashika vile.

Alipomaliza akavuka mwenyewe, akafika ng'ambo, akarudi. Ndipo akida akavuka. Alivuka ameshika kamba ya mkono kwa mikono miwili, mwavuli akiwa ameuacha, na katikati alisimama akatazama chini, midomo yake ikicheza.

Halafu akaagiza apigwe viboko ishirini na tano. Bomani hakumpeleka, na mtu asidhani ni huruma. Tangu vita vya maji, akida ambaye watu wake wanakata madaraja huulizwa maswali, kisha huondolewa, na Salehe aliupenda mwavuli wake. Wakubwa huwaogopa wakubwa wao, ndiyo bahati pekee ya mdogo. Akasema pia kwamba safari ijayo mzigo wa nyumba ile aubebe Yunusi mwenyewe.

"Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo," alisema Yunusi, na hiyo ikamwongezea viwili.

Watu kumi na mmoja walichukuliwa siku hiyo. Kimya hakikuwaokoa. Hilo nalo lisemwe.

Jumapili Yunusi alikuwa bado halali chali. Stambuli alimpaka majani mgongoni, mikono yake ni mizito lakini anajitahidi, na alipomaliza akasema mahindi yanaweza kungoja, na kibanda pia. Alipoondoka, Yunusi akajivuta mpaka kwenye nyasi za paa, akatoa ile karatasi ya ulanga. Kwa mara ya kwanza akaitazama kwenye mwanga. Haikuwa na doa kweli. Mwaisha, mwenye homa, mzigo kichwani, aliichagua katika yote, akaifunga pindoni. Alitaka kumletea nani? Alijua: yule aliyekuwa magimbini.

Kisha akachukua kisu, akakata dirisha dogo kwenye kiambaza, juu ya kinu, akaipachika karatasi ile katikati ya matete, akaifunga kwa uzi wa mgomba. Ulanga ule ulikuwa mzito kiasi cha kuficha uso. Upande wa pili hukuona macho wala mdomo, kwa hiyo adabu haikuvunjika. Uliona mtu tu, umbo la mtu, na mwanga umemzunguka, na umbo lile lilikuwa la Mwanaheri, na jua lilipopanda kidogo lingeweza kuwa la mwanamke yeyote aliyewahi kusimama kwenye mlango ule.

Hatua zikasikika njiani. Alikuwa Fransisko, amerudi jana kutoka Morogoro, sasa anatoka misa, shuka safi begani.

"Hodi. Nimesikia hapa watu huwa wanakaa."

"Karibu," alisema Yunusi. "Keti upande huu. Kule ni kwa mkwe wangu."

"Tunafanya nini?"

"Hata mimi sikuambiwa nilipoanza."

Fransisko akaketi. Kuku mmoja akaja kumkagua, akaridhika, akalala. Yunusi akageuka kwenye matete, akafungua mdomo atoe shikamoo yake, lakini mama alimtangulia. Alikuwa amesogea karibu na ile karatasi ya Mwaisha, na umbo lake likawa limejaa dirisha lote, linang'aa.

"Kinu," alisema Mwanaheri, "leo pumzika."

Wakanyamaza.